PS4 ama PS5? Maswali ambayo Nairobi haiachi kuuliza kuhusu gemu za makampuni ya nje

Kila mtu akitaka konsoli, maswali ni yale yale, iwe ni mbele ya kioo cha duka la vifaa pale barabara ya Luthuli ama usiku kwa grupu ya WhatsApp ya wasee wa base, yaani kibanda cha kulipia kucheza gemu. Nimeyaweka pamoja hapa, mepesi mbele na yenye mikunjo mwisho. Nimeegemea PS4 na PS5 ju ndizo ziko kwa nyumba nyingi huku kwetu, Xbox na Nintendo nimezigusa huko chini.

## Ya kuanzia

Gemu za makampuni ya nje ni gani hasa?

Ni gemu yoyote ambayo mwenye konsoli hajaitengeneza. PlayStation ni ya Sony, kwa hivyo God of War ni mtoto wa nyumbani. FC (ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA) ni ya EA, GTA ni ya Rockstar, Tekken ni ya Bandai Namco, Mortal Kombat ni ya Warner Bros., eFootball ni ya Konami. Hizo ndizo za nje, na ukiingia base yoyote kutoka Roysambu hadi Kayole utapata ndizo zinawasha TV kutoka asubuhi, za Sony zenyewe zinachezwa nyumbani na mtu mmoja akiwa ametulia. Ndio maana hili swali la makampuni ya nje ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: ukinunua konsoli hapa unanunua mlango wa kufikia FC na GTA, Sony ni wa kukukodishia tu huo mlango.

Call of Duty imekaa kiajabu kidogo. Microsoft, wenye Xbox, walinunua Activision Oktoba 2023, kwa hivyo upande wa Xbox sasa ni ya nyumbani, lakini kwa PlayStation bado ni ya nje na bado inatoka kila mwaka.

Wakisema kizazi wanamaanisha nini?

PS3 na Xbox 360 ni kizazi kimoja. PS4 na Xbox One zilikuja Novemba 2013, PS5 na Xbox Series X na S zikaja Novemba 2020. PS4 Slim na PS4 Pro zote ni PS4, hakuna gemu ya Pro peke yake, na PS5 ni hivyo hivyo. Muuzaji akikuambia Pro ya PS4 "inakaribia PS5 so itacheza zote", mwachie hapo.

PS4 bado inaletewa gemu mpya ama imeshazikwa?

Haijazikwa, ila sasa inachaguliwa. FC 26 ilifika PS4 Septemba 2025, NBA 2K26 pia, na Call of Duty Black Ops 7 ikafika Novemba mwaka huo huo. Lakini Tekken 8 haikuja, Mortal Kombat 1 haikuja, Dragon's Dogma 2 haikuja, Assassin's Creed Shadows haikuja.

Ukitazama vizuri kuna mpangilio. Gemu za kila mwaka na zile za bure za onlaini zimebaki, sababu hizo zinaingiza pesa kwa wingi wa watu na hakuna kampuni inataka kufungia nje watu wenye bado wananunua pointi za ndani ya gemu. Zile kubwa za hadithi, za dunia pana, zilianza kuondoka 2023 na hazirudi. Kwa hivyo swali la kujiuliza si kama PS4 ni nzima, ni wewe unacheza nini.

Mbona makampuni yamekaa na PS4 muda mrefu kuliko yalivyokaa na PS3?

Hii napenda ju majibu yake yanaonekana wazi kwa Call of Duty. PS4 ilitoka 2013, na kufikia 2015 PS3 ilipewa Black Ops III bila hadithi, yaani walikata kampeni yote wakaacha ya kupigana onlaini na zombi, na hiyo ikawa ya mwisho. Miaka 2 tu. PS5 ilitoka 2020 na PS4 bado ilikuwa inapewa Call of Duty 2025. Miaka 5.

Sababu ya kwanza ni chip. PS3 ilikuwa na ile Cell, chip ya ajabu ambayo watengenezaji wengi hawakuimudu, gemu kama Bayonetta na Skyrim zilikuwa zinasumbua kwa PS3 na kwa Xbox 360 zimetulia. Kuhama kutoka PS3 kwenda PS4 ilikuwa kuandika upya vitu vingi, so kampuni ikipata nafasi ya kuacha PS3 iliiacha haraka. PS4 na PS5 zote zina chip za AMD za ukoo mmoja na kompyuta ya kawaida, kutengeneza kopi ya zote mbili si kazi ya kuua mtu.

Ya pili ni hesabu ya watu. PS4 ziliuzwa zaidi ya milioni 117, halafu PS5 ikatoka katikati ya Corona na uhaba wa chip, dunia nzima ilikuwa inaitafuta na haipatikani. Ungekuwa wewe ndio EA ungeuzia nani? Ya tatu ni bei. Zamani konsoli ikizeeka inashuka bei, PS5 ilianza na dola 499 Marekani na Agosti 2025 ikapandishwa hadi 549.99. Sasa ukiweka na meli, ushuru na faida ya duka, unaelewa mbona PS4 za mtumba hazikai kwa shelfu.

Mpira peke yake ndio haujabadilika sana: PS3 ilipewa FIFA hadi FIFA 19, ya 2018, na PS2, ebu fikiria, ilipewa FIFA 14 mwaka 2013 wakati PS4 tayari inaingia sokoni. EA hawajawahi kuacha mtu nyuma mapema.

Kama chip ni za ukoo mmoja, mbona gemu zingine zinakataa PS4?

Ukoo mmoja haimaanishi nguvu moja. Prosesa ya PS4 ilikuwa dhaifu ata siku inatoka, ilikuwa ya aina ya kompyuta ndogo za bei nafuu, na memori yake ni 8GB, PS5 ina 16GB. Lakini kisu chenyewe ni diski ya ndani. PS4 ina ile ya kuzunguka, PS5 ina SSD, ile ya haraka isiyozunguka. Gemu ikipangwa ikitegemea SSD, yaani mji unaletwa kidogo kidogo wakati unakimbia, kwa PS4 huo mji haufiki kwa wakati. Ukitaka kuona hii ikitokea kwa macho soma swali la Cyberpunk.

## Mpira

FC ya PS4 na FC ya PS5 si ni gemu moja?

Jina moja, kava karibu moja, gemu mbili. Kuanzia FIFA 22 ya PS5 EA waliweka HyperMotion, walivalisha wachezaji 22 nguo za kunasa miondoko wakacheza mechi nzima, kisha FC 24 wakaanza kuchukua miondoko kutoka kwa video za mechi halisi zaidi ya 180. Hiyo teknolojia haijawahi kufika PS4. PS4 inapata majina, jezi, uhamisho na menyu mpya juu ya mwili wa zamani.

Ukicheza utaisikia kwa mikono kabla uione. Kwa PS4 mchezaji akigeuka anageuka kama amewekwa kwa reli, mpira unafika mguuni na mguu ndio unajipanga. Kwa PS5 anapunguza hatua kabla mpira ufike, beki anajikwaa akikosa, na mipira miwili mitatu ya kugongana pale kwa boksi inatoka tofauti kila saa. Sasa kuna wasee wa base wanasema ya PS4 ni tamu zaidi ju ni nyepesi na inakimbia, na sitabishana nao, mtu akikufunga 5 kwa 0 kwa PS4 hayo mambo ya HyperMotion unaenda kuyasema wapi.

Niko PS5 na beshte yangu ako PS4, tutapatana onlaini?

Kwa FC, hapana, si kwa kopi ya PS5. Tangu FIFA 23 EA wanapanga watu kwa kizazi: PS4 na Xbox One pamoja, PS5 na Xbox Series na kompyuta pamoja. Dawa ni wewe wa PS5 uweke kopi ya PS4 kwa mashine yako, ju inaikubali, halafu mpatane huko. Fortnite haina hii shida, huko kila mtu anapatana na kila mtu.

Career yangu ya PS4 itahamia PS5?

Hapana. Career (kuongoza timu yako msimu kwa msimu) na Clubs (kucheza klabu moja na marafiki onlaini) zinabaki pale ulizianzisha. Ultimate Team, ile ya kukusanya kadi za wachezaji, ndio inakufuata, ile ya mwaka huo huo, ukiingia na akaunti ile ile. Kama una misimu umelea Gor Mahia ya kujitungia, maliza hadithi yako kwa kopi ya PS4, na kama konsoli yenyewe unaiuza basi hiyo kopi icheze kwa PS5.

eFootball je?

Ni ya bure tangu 2021, iko PS4 na PS5. PES, jina lake la zamani ikiwa ya kulipia, iliisha na PES 2021. Ukiwa ni wa kucheza na marafiki sebuleni bila intaneti usitarajie utamu wa PES za PS2, hiyo meli imeenda.

Nataka kufungua base. PS5 moja ama PS4 tatu?

Kama wateja wako ni wa mpira na wanalipa kwa mechi, PS4 tatu, na sioni ugumu wowote hapo. Mechi tatu zinaenda kwa wakati mmoja, FC ya kila mwaka imekuwa ikifika, pedi zinapatikana kila kona ya Luthuli na Moi Avenue, fundi anazijua, na moja ikikufa hujafunga duka. Stima ikipotea zote zinazima sawa, hilo ni la Kenya Power.

Kama uko mtaa wa vijana wa campus wenye wanakuja kwa Tekken 8 na wanaulizia GTA VI, basi angalau moja iwe PS5. Na hapo kuna ujanja watu hawaujui: pedi ya PS4 inafanya kazi kwa PS5 ukicheza gemu ya PS4. Yaani PS5 yako ikiwa na kopi ya PS4 ya FC, zile pedi zako za zamani zinaingia zote, na zile za PS5 za bei unaziweka kando zisipigwe chini kila mtu akifungwa dakika ya 90. Kinyume chake hakiwezekani, pedi ya PS5 haishiki PS4 hivi hivi.

## Zile zingine kubwa

GTA VI itakuja PS4?

Hapana. Rockstar wametaja PS5 na Xbox Series X na S peke yake, na tarehe yao ya mwisho waliyotangaza ni Novemba 19, 2026. Kila siku kuna mtu anatuma picha ya kava ya "GTA VI PS4" kwa grupu, na kila siku kuna mtu anauliza bei. Hiyo si gemu, ni mbuzi kwa gunia.

GTA V ndio imetuzoesha vibaya, ilitoka 2013 kwa PS3, 2014 kwa PS4, 2022 kwa PS5, vizazi vitatu. Lakini kumbuka ilianza chini ikapanda juu. Kushuka ni kitu kingine.

Cyberpunk ya PS4 ilikuwa mbaya hivyo kweli?

Ilikuwa mbaya. Ilitoka Desemba 10, 2020, na wiki moja baadaye Sony wakaitoa kwa stoo yao ya mtandaoni na kurudishia watu pesa, kitu ambacho si kawaida kabisa kwa gemu ya kampuni kubwa. Ilirudi Juni 2021. Kwa PS4 ya kawaida ulikuwa unaendesha gari kwa barabara ambayo haijafika bado, ukuta uko kama udongo wa kufinyanga halafu sekunde kadhaa baadaye ndio mabango na madirisha yanajitokeza, watu wanatokea mbele yako kutoka hewani, na katikati ya hayo inazima inakurudisha kwa menyu.

Wakarekebisha mengi, lakini Phantom Liberty, nyongeza yake ya 2023, haikuletwa PS4 kabisa. Hapo ndipo naona makampuni mengi yalijifunza kwamba kuuza kopi mbovu kwa watu milioni mia na zaidi si hesabu nzuri vile inakaa kwa karatasi.

Hogwarts Legacy ilikuja PS4 ikichelewa. Si ningoje tu na hizo zingine zitakuja?

Zinachelewa chache sana. Hogwarts Legacy ilikuja PS5 Februari 2023 na PS4 Mei. Star Wars Jedi: Survivor ilikuja PS5 Aprili 2023, PS4 ikaipata Septemba 2024. Ukiondoa hizo mbili, kubwa zenye zilitoka bila PS4 nyingi zimekaa bila PS4. Usipange maisha yako na bahati ya mtu mwingine.

Na gemu za ngumi?

Street Fighter 6 iko PS4. Tekken 8 haiko, ukiwa PS4 unabaki na Tekken 7, ambayo bado ni moto. Mortal Kombat 1 haiko PS4, unabaki na Mortal Kombat 11. Kinachokera ni kwamba Mortal Kombat 1 waliileta Nintendo Switch, mashine dhaifu kuliko PS4, na ilitoka na nyuso zinatisha kuliko fatality zenyewe, yale mapigo ya kumalizia mpinzani. Kwa hivyo wakati mwingine si nguvu, ni kampuni kuamua inauzia nani.

Gemu za bure onlaini zitabaki PS4 hadi lini?

Hakuna ahadi. Fortnite bado iko. Genshin Impact walitangaza 2025 kwamba wanaachana na PS4. Gemu ya bure ikiondoka inaondoka na kila kitu umenunua ndani, isipokuwa akaunti yako inafunguka kwa simu ama PS5, so unganisha akaunti mapema.

## Diski, akaunti na vocha

Diski zangu za PS4 zitasoma kwa PS5?

Ndio, ikiwa PS5 yako ina sehemu ya diski. Ile ya dijitali haina, na PS5 Pro pia inakuja bila, unanunua ya kuchomeka kando na siku ya kwanza inataka intaneti ili itambuliwe. Zamani haikuwa hivi: PS4 haikusoma diski ya PS3 ata moja, watu walianza upya na maktaba tupu. Na zingine zinacheza poa zaidi kwa PS5 bila kulipia chochote, Elden Ring ya PS4 ikiwekwa kwa PS5 inakimbia karibu fremu 60 kwa sekunde bila kuyumba.

Kupanda kutoka kopi ya PS4 hadi ya PS5 ni bure?

Inategemea kampuni, na hapa ndio watu huumia. Elden Ring, Cyberpunk na Witcher 3 ni bure. GTA V ya PS5 inauzwa kivyake. Soma ukurasa wa hiyo gemu kwa stoo kabla ulipe, usiulize muuzaji wa diski. Na ukiwa umepanda kwa kutumia diski, hiyo diski lazima ikae ndani kila ukicheza, kuiuza ni kuiuza gemu yote.

Nifungue akaunti ya nchi gani? Kenya siioni.

Kenya haiko kwa orodha ya PSN, mtandao wa akaunti za PlayStation. Wengi hapa wanafungua ya Marekani ama ya Uingereza, halafu wananunua vocha kwa wauzaji wa hapa na kulipa M-Pesa. Vocha lazima iwe ya nchi ya akaunti, na nchi haibadilishwi ukishaichagua.

Sasa sikiza hii ju haisemwi dukani. Diski inacheza popote, lakini nyongeza za ndani ya gemu zinafuata mahali diski imetoka. Diski ya Ulaya, na nyingi za mtumba hapa ni za Uingereza, na akaunti ya Marekani: gemu inafunguka, nyongeza umelipia inakataa kuonekana. Ukijua unanunua pointi na nyongeza nyingi, linganisha diski na akaunti kabla hujatoa pesa.

Hizi gemu zinakula bando kiasi gani?

Nyingi. Call of Duty inapita 100GB, na diski haikuokoi ju apdeti zinashushwa vilevile. Bila faiba ya nyumbani usijaribu. PS5 ya kwanza ilikuwa na 825GB na si zote ni zako. Gemu za PS4 unaeza kuziweka na kuzicheza kutoka diski ya nje ya USB, za PS5 unaeza kuzihifadhi huko tu, kuzicheza lazima zirudi ndani.

## Kesi za pembeni

Nimepata PS4 iliyochezewa, yaani programu yake imevunjwa ili icheze gemu bila kulipia, yenye gemu nyingi ndani, niichukue?

Utacheza zilizomo. Lakini mashine hiyo imefungiwa kwa programu ya zamani, gemu mpya zinataka programu mpya, na ukienda onlaini unaeza fungiwa. Yaani faida yote ya PS4 kuendelea kuletewa gemu, ile tumeongea huko juu, hiyo mashine haiipati.

Xbox One nayo inapata sawa na PS4?

Hapana, inaletewa kwa nusu ya moyo, pungufu kidogo ya PS4. Resident Evil 4 mpya na Street Fighter 6 zilikuja PS4 zikaruka Xbox One. Ukienda Xbox, nenda Series S, ni ya bei nafuu na gemu za kizazi kipya zinaifikia. Ila ina memori ya 10GB, na hiyo imewasumbua watengenezaji: Baldur's Gate 3 ilikuja PS5 Septemba 2023 na Xbox ikangoja hadi Desemba ju ya shida ya kugawanya skrini ya watu wawili kwa Series S. Na haina sehemu ya diski, so Luthuli haitakusaidia na za mtumba.

Switch 2 imebadilisha kitu?

Kwa makampuni ya nje, ndio, ilitoka Juni 2025 na Cyberpunk siku ya kwanza, kitu Switch ya zamani haingeota. Lakini kadi nyingi za makampuni ya nje hazina gemu ndani, ni ufunguo tu wa kushusha kwa intaneti. Rudi kwa swali la bando.

Kuna gemu ya PS4 inakataa kabisa PS5?

Ziko chache, nyingi hujawahi ata kuzisikia: Shadwen, Joe's Diner, Robinson: The Journey, We Sing, Afro Samurai 2, Hitman Go. Kama maktaba yako ni FIFA, GTA, Mortal Kombat na Need for Speed, beba zote.